Nimemaliza seti ya vifaa vya kushonea: je, nianze kitambaa cha meza?

Mtarizi wa Dunga, Kisumu

Hamjambo wapenzi wa sindano na uzi. Juzi usiku nilikata uzi wa mwisho wa seti niliyoianza mwezi wa Februari: kimto cha pini, kijitabu cha sindano chenye kurasa za sufu, ala ya mkasi, na kishada kidogo cha kufungia mkasi huo ili usipotee. Vyote vina ua moja, la gugumaji, kwa sababu hulitazama kila asubuhi likielea ziwani. Wavuvi wana haki ya kulichukia, lakini zambarau yake na lile doa la manjano kwenye petali ya juu vinanivutia mno. Doa hilo nililifumua mara tatu kabla halijakaa vizuri.

Nina maswali mawili. Kimto nilikijaza pamba, na sindano nilizozichomeka humo majuma matatu yaliyopita zimeanza kushika kutu. Nikijaze nini bila kuharibu nakshi? Pili, mama anatamani kitambaa cha marikani cha meza ya watu sita, chenye maua hayohayo katika pembe zote nne. Sijawahi kutarizi kitu kinachozidi ukubwa wa kiganja changu. Nianze moja kwa moja, au nipitie kazi ya kati kwanza?

Bibi wa Njoro

Hongera sana, mwanangu. Kumaliza vitu vinne vinavyofanana ni kazi ya subira, kwa maana kile cha nne hushonwa wakati hamu imekwisha kupungua.

Usiiguse nakshi hata kidogo. Fumua mshono wa chini tu, kiasi cha vidole viwili kupita, uitoe pamba yote, kwani pamba hunyonya unyevu wa hewa na kuushikilia pale pale penye chuma, na ninyi wa kando ya ziwa unyevu hamkosi. Badala yake jaza manyoya ya kondoo yaliyooshwa kwa maji ya uvuguvugu bila sabuni kali, ili mafuta yake ya asili yabaki. Mafuta hayo ndiyo yanayoikinga sindano na kutu. Mimi huyapata kwa wafugaji wa Molo. Yashindilie hasa, maana kimto kilicholegea huimeza sindano nzima. Sindano zenye kutu kidogo zisugue kwa msasa laini, ila iliyokwisha kuchimbika itupe, kwa sababu alama ya kutu kwenye kitambaa cheupe ni shida kubwa kuitoa.

Kuhusu kitambaa cha meza, ningekushauri utarizi kwanza vitambaa sita vya kufutia mikono, kila kimoja ua moja. Vitakuwa vya meza hiyohiyo, na mkono wako utakuwa umelizoea ua.

Fundi wa Mumias

Dada, pokea pongezi zangu. Ninakubaliana na Bibi juu ya manyoya, lakini vitambaa sita kabla ya kazi yenyewe ni vingi, na ninahofia utalichoka ua lenyewe. Tarizi kimoja cha majaribio, kisha uingie kwenye pembe ya kwanza.

Lililo muhimu zaidi ni marikani. Iloweke katika maji ya moto, uikaushe na kuipiga pasi kabla ya kuikata, kwa kuwa ikirudi, yaani ikipungua kwa kufuliwa, baada ya kutariziwa itakunja maua yote. Uzi wa zambarau nao ulowanishe na kuukandamiza kwenye kitambaa cheupe uone kama unachuja. Kwa kitambaa kitakachofuliwa mara kwa mara, tumia nyuzi tatu badala ya mbili: fungu la mita 8 lenye nyuzi 6 za kutenganishwa hukupa mita 24 ukishona kwa nyuzi mbili, lakini mita 16 tu ukishona kwa tatu. Kwa hiyo hesabu mapema, na ununue zambarau yote siku moja, kwani uzi wa namba ileile uliotiwa rangi nyakati tofauti huweza kupishana, na pembe ya nne ikakusuta.

Mtarizi wa Dunga, Kisumu

Asanteni sana, Bibi na Fundi. Nimekifungua kimto leo, na pamba ya katikati ilikuwa na unyevu kweli. Nitatarizi vitambaa viwili, si sita, kisha pembe ya kwanza. Marikani imelowa kwenye beseni tangu jioni.