Nyie mnaopandisha matangazo ya zamani ya nyembe na shampuu, mbona mnafuta ndevu?

#1 Mleta uzi

Mods, naomba uzi huu msiuunganishe na ule wa "video za kale". Huu ni wa malalamiko, uachwe ujitegemee.

Wakuu, leo natoa povu. Mtu anachukua tangazo la televisheni la Marekani au Uingereza la miaka ya 50 au 60, la wembe, la shampuu, la dawa ya meno. Analipitisha kwenye programu ya akili mnemba, analipaka rangi, analivuta lijaze skrini nzima, halafu anaandika "4K, fremu 60, limerejeshwa". Limerejeshwa kutoka wapi? Mmeliharibu, na mnapongezwa kwa kuliharibu.

Tangazo la gari ukililainisha, gari bado litaonekana. Matangazo ya kunyoa na kuoga hayana bahati hiyo, kwa sababu mali inayouzwa ni vitu vidogo: ndevu za siku mbili, vipovu, tone linaloteremka, kopo likipuliza. Programu ya kuondoa chenga imefunzwa kutafuta vidoti vidogo visivyotulia na kuvifuta. Ndevu fupi kwenye filamu ya milimita 16 ni nini kama si vidoti visivyotulia? Basi zinafutwa. Jamaa anaanza na kidevu laini kama cha mtoto, anapaka povu, ananyoa, anaishia na kidevu kilekile. Sasa tangazo lilikuwa la nini?

Mfano mbaya kuliko yote ni Rapid Shave, povu la Colgate-Palmolive, tangazo la 1959 lililotengenezwa na kampuni ya matangazo ya Ted Bates. Mtangazaji anasema povu lina unyevu mkali kiasi kwamba linalainisha hata msasa mkavu: linapakwa, linaloweka, wembe unapita mara moja na mchanga wote unatoka. Januari 1960 tume ya biashara ya Marekani, FTC, ikawashitaki. Ilibainika kwamba msasa wa aina ile ulihitaji kulowekwa dakika 80 hivi kabla ya kunyoleka, na kilichoonekana kwenye skrini hakikuwa msasa. Kilikuwa kipande cha pleksiglasi, plastiki ngumu inayopitisha mwanga, kilichomwagiwa mchanga. Kesi ikapanda hadi Mahakama Kuu ya Marekani, ikaamuliwa Aprili 5, 1965, na kampuni ikashindwa.

Sikilizeni utetezi wao. Walisema msasa halisi ukipigwa picha kwa televisheni za wakati ule ulionekana kama karatasi tupu, kwa sababu televisheni haikuweza kuonyesha chembe za mchanga. Ndiyo maana wakatumia pleksiglasi. Yaani shauri zima, miaka mitano, lilihusu kama chembe zinaonekana au hazionekani. Leo mtu kalipandisha tangazo hilohilo, programu imezifuta chembe zote, wembe unakwangua kitu kama bahasha ya kaki, na chini ameandika "msasa halisi ukinyolewa, enzi zile hakukuwa na uongo". Makosa mawili kwa mkupuo mmoja.

Na msiseme mahakama ilikataza vitu vya kuigiza. Haikukataza. Ilitoa mfano wa viazi vya kupondwa vinavyowekwa badala ya aiskrimu kwa sababu ya joto la taa: hivyo havina shida, mradi huambii mtazamaji kwamba anaona uthibitisho wa sifa ya bidhaa. Rapid Shave waliambia watu wanaona jaribio kwa macho yao.

Kesi ya Rise, povu la Carter Products, ndiyo haijulikani kabisa, na ingestahili maelezo chini ya kila nakala. Walionyesha povu lao likibaki zito na la "mshindani" likinywea papo hapo. La mshindani lilitengenezwa makusudi: asilimia 90 maji, na kemikali ya kutoa povu iitwayo Ultrawet 60L, bila sabuni wala chumvi za asidi za mafuta zinazolishika povu lisianguke. Mahakama ya rufaa ilitoa hukumu 1963. Ukitaka kuuona ule ujanja, angalia vipovu vya ule upande unaokufa: vikubwa, vya wazi, vinapasuka kimoja kimoja. Ukikiondoa hicho kwa kulainisha, pande zote mbili zinakuwa wingu jeupe, na ushahidi umekwenda.

Sauti nayo mmeiua. Mlio wa kopo, ule pssss, ni kelele iliyotandaa masafa yote, sawasawa na mlio wa mkanda uliochakaa. Ukiwasha kiondoa kelele kwa nguvu zote, kinameza pssss pamoja na mkanda. Mashine za umeme za kunyolea ndiyo usiseme, maana mngurumo wa mota umekaa kwenye hezi 60 na vizidishio vyake, mulemule kwenye uvumi wa umeme. Mtu anabonyeza "ondoa uvumi" na mashine inanyoa kimya kimya.

Halafu huu ugonjwa wa kukata. Picha zile ni 4:3. Ukizikata ziwe 16:9 umetupa robo ya urefu wa picha, juu na chini. Ukizikata ziwe za simu, 9:16, umetupa asilimia 58 ya upana. Lile la Prell, lulu inayoteremka polepole ndani ya chupa ili uone shampuu ilivyo nzito, likikatwa 16:9 lulu inaingia ikiwa njiani na kutoka haijafika. Anayelivuta badala ya kulikata ndiye aliyetuletea watu wenye vichwa vya boga.

Na hizo fremu 60 kwa sekunde! Tangazo la Norelco la 1961, Baba Krismasi anayeteleza juu ya kichwa cha mashine ya kunyolea, ni kikaragosi kilichosogezwa kwa mkono na kupigwa picha moja moja. Ule mkatiko ndio ufundi wake. Programu ikibuni fremu za katikati, kikaragosi kinaelea kama kimewekwa kwenye mafuta, na kingo zinayeyuka kila kinapogeuka.

Rangi za kubuni sitazisemea sana. Programu haijui kwamba Prell ni ya kijani wala kwamba Aqua Velva Ice Blue, losheni ya baada ya kunyoa, ni ya buluu, inabahatisha tu. Haijui pia kwamba kwenye televisheni ya rangi moja watu walivalishwa mashati ya buluu mpauko kwa sababu jeupe lilikuwa linawaka mno mbele ya kamera. Inawavalisha meupe wote.

Tarehe ndipo ninapochoka kabisa. Mtu haangalii hata kilichomo ndani ya picha. Wembe wa makali mawili sambamba kwenye kichwa kimoja, Trac II ya Gillette, ulitoka 1971, basi usituandikie "1966". Wembe wa Bic wa kutumia na kutupa: 1975 Ulaya, 1976 Marekani. Dawa ya meno ya Crest ikitaja kutambuliwa na chama cha madaktari wa meno, hiyo ni kuanzia Agosti 1960. Anwani ya Marekani yenye namba za posta za ZIP ni baada ya Julai 1963. Kopo lenye mistari ya bakodi ni baada ya katikati ya miaka ya 70. Kopo linalojisifu kwamba halina fluorokaboni, gesi ya kusukumia, linaangukia miaka ya karibu na marufuku ya gesi hiyo Marekani, 1978. Mfanyabiashara Victor Kiam akijisifu kwamba aliipenda mashine ya kunyolea ya Remington hadi akainunua kampuni, hiyo si kabla ya 1979.

Uingereza pia. Tangazo la kwanza la televisheni huko lilikuwa la Gibbs SR, dawa ya meno, mswaki ndani ya bonge la barafu, Septemba 22, 1955. ITV ya huko, kituo cha matangazo ya biashara, ilianza kurusha rangi Novemba 1969. Ukiwa na filamu ya rangi ya 1962, yaelekea ilikuwa ya sinema, basi andika sinema. Na matangazo ya Noxzema, krimu ya kunyolea ya Marekani, ni mawili, jamani: ya Gunilla Knutson, Mswidi, ni ya miaka ya 60. Ya Joe Namath na Farrah Fawcett ni ya Super Bowl, fainali ya mpira wa miguu wa Kimarekani, ya 1973. Mnazibadilishana vichwa vya habari kila wiki.

#2

Mkuu, povu limekutoka kweli. Ila wengi wanafanya hivyo kwa kutojua. Ungeweka na njia sahihi.

#3 Mleta uzi

Haya, nianze na nakala ya VHS ya Marekani, ndiyo inayozunguka zaidi.

Simamisha video usogeze fremu moja moja mahali penye mwendo, mkono unaonyoa unatosha. Ukiona fremu tatu safi, mbili zenye meno ya kitana, tena tatu safi, mbili zenye meno, hiyo ni filamu ya fremu 24 kwa sekunde iliyonyooshwa kuwa 29.97. Kwenye ffmpeg, programu ya bure ya kuchakata video, tumia vichujio vya fieldmatch (kinaunganisha nusu za fremu zilizotengana) kisha decimate (kinatupa fremu iliyojirudia), kwa mpangilio huo, utapata 23.976 bila kupoteza kitu. Kama kila fremu yenye mwendo ina meno, hiyo ilirekodiwa kwa kamera ya video, tumia kichujio cha bwdif, kinachoondoa meno, uiache ifike fremu 59.94. Hapo tu ndipo 60 ni halali. Usichague "blend" hata siku moja, inachanganya fremu mbili na unapata wembe wenye kivuli chake pembeni.

Usibadilishe ukubwa kabla ya hatua hiyo. Ukipunguza urefu wa picha wakati meno bado yapo, yanapikwa ndani na hayatoki tena.

Baada ya hapo 720×480 inageuzwa 640×480 ili duara liwe duara. Kipimo rahisi ni mdomo wa kopo linapotazamwa kwa juu. Ukitaka tovuti ikupe biti za kutosha, kuza hadi 1440×1080 kwa Lanczos, njia ya kukuza picha bila kuifuta, pembeni paachwe peusi. Mistari michache inayocheza chini ya picha ya VHS ifunike kwa weusi, usiikate, maana ukiikata unalazimika kuvuta tena.

Chenga ziache. Kama lazima, punguza kidogo kwenye mandhari tu, uso na povu usiguse. Sauti nayo, chukua sampuli ya kelele mahali pasipo na kopo wala mashine, punguza desibeli 6, ishia hapo.

#4

Nina kaseti za VHS za hapahapa, matangazo ya sabuni na mafuta ya nywele ya miaka ya 90. Hatua ni hizohizo?

#5 Mleta uzi

Hapana, na swali hili ni muhimu. Za kwetu ni PAL, mfumo wa televisheni wa huku: fremu 25 kwa sekunde, ukubwa 720×576, unageuza 768×576. Filamu ndani ya PAL haina mtindo wa tatu-mbili, kwa hiyo fieldmatch peke yake inatosha. Ukiongeza decimate unatupa fremu halali moja kati ya kila tano na mwendo unarukaruka.

Angalia muda wa tangazo. Tangazo la Marekani la sekunde 60 likirushwa kwa PAL linakimbia kwa fremu 25 badala ya 24, linaisha kwa sekunde 57.6, na sauti ya mtangazaji inapanda asilimia 4 hivi. Ukilirudisha, punguza kasi ya picha na sauti kwa pamoja ili sauti ishuke nayo. Kile kitufe cha "linda sauti" kizime.

Kabla ya deki, fungua mlango wa kaseti utazame utepe kwa tochi. Ukiona unga mweupe kwenye kingo, hiyo ni fangasi, hasa kaseti zilizokaa Tanga, Mombasa, Unguja. Usiiweke kwenye deki. Vichwa vitachafuka na kaseti zote zinazofuata zitaambukizwa. Mpe fundi mwenye mashine ya kusafishia. Na ukinasa, tumia S-Video, waya unaotenganisha mwanga na rangi, kama deki ina tundu lake, ule waya wa njano unaleta rangi zinazotambaa kwenye maandishi ya lebo.

Na tarehe: Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi 1994. Zanzibar ilianza 1973, tena kwa rangi, na Kenya 1962. Tangazo mliloandika "TV, Dar es Salaam, 1985" ama ni la sinema, ama limenaswa kutoka kituo cha nje.

#6

Mnajisumbua. Watazamaji hawataki video zilizofifia, wanataka zing'ae. Zile za rangi zote zimekuwa nyekundu, nani ataangalia?

#7 Mleta uzi

Kuondoa wekundu sijakataza, nakataza kubuni. Nakala nyingi za Eastmancolor, filamu ya rangi ya Kodak, za miaka ya 50 hadi 70 zimekuwa nyekundu kwa sababu rangi ya sayani (buluu-kijani) ndani ya filamu ndiyo inayofifia kwanza, na kazi yake ilikuwa kuzuia nuru nyekundu. Inapungua zaidi palipokuwa na rangi nyingi, yaani kwenye vivuli. Nyinyi mnashusha wekundu picha nzima. Vivuli vinakaribia kuwa sawa, lakini nyeupe inageuka kijani-buluu, na povu la kunyolea linaonekana kama dawa ya meno ya mnanaa. Fungua mikunjo ya rangi (curves), chagua nyekundu peke yake, shusha upande wa vivuli, upande wa nyeupe uuache ulipo. Kisha kagua kwenye povu na kwenye weupe wa jicho. Vikiwa vyeupe na ngozi ikawa ngozi, umemaliza, usiongeze kitu.

Na mwenye nakala ya filamu yenyewe, mita 11 hivi za milimita 16 kwa tangazo la dakika moja, asome kingo kabla ya kuandika mwaka. Kodak walichapa alama za duara, mraba na pembetatu zinazotaja mwaka filamu ghafi ilipotengenezwa, ila alama hizo zilikuwa zinajirudia kila baada ya miaka 20. Zilinganishe na wembe unaoonekana ndani ya picha. Tena alama za negativu nazo huchapika kwenye nakala, kwa hiyo unaweza kukuta seti mbili zinazotofautiana. Mkikuta hivyo, wekeni picha ya kingo hapa kabla ya kuandika mwaka wowote.