Bledi ya greda inaacha mawimbi barabarani, nakosea wapi wakuu?

KijitiWima
Habari za jioni wakuu. Naomba msaada wa haraka kwa wanaolijua greda. Nasawazisha barabara ya moramu (udongo wa changarawe), upana mita 6, mashine ni ya usukani na leva, si ya vijiti. Mita 20 za mwanzo natoka vizuri, halafu mashine inaanza kurukaruka kama ngalawa. Nikigeuka nyuma naona vituta vidogo vimejipanga kama ngazi. Raundi ya pili ndiyo vinazidi. Halafu pua inavutwa kushoto muda wote, na udongo nautolea kushoto. Bledi (lile bamba refu la chuma la kukwangua) haijapinda, tairi zina upepo. Tatizo ni mashine au ni mimi? Nahitaji jibu kabla ya kesho asubuhi.

Kokoto
Anayesema "kabla ya kesho asubuhi" ameshaharibu leo mchana.

FundiTandemu
Mkuu, tuanze na kasi. Kazi ya kumalizia hufanywa kwa kilomita 5 hadi 8 kwa saa, basi. Greda halina springi. Ekseli ya nyuma imeshikana na chesisi moja kwa moja, kwa hiyo kinachodunda ni mpira wa tairi. Ukizidisha mwendo tairi zinageuka mipira ya kitenesi.

Likianza kuruka usishindane nalo. Punguza, au simama kabisa litulie. Ukilazimisha, kisu (makali ya chini ya bledi) kinauchonga mruko ule ule ardhini, na raundi inayofuata magurudumu yanapita juu ya mawimbi uliyoyachonga mwenyewe. Ndiyo maana ya pili ni mbaya kuliko ya kwanza. Kuyafuta, badilisha pembe ya bledi ili kisu kiyakate kwa mshazari, na ushuke mpaka kwenye kitako cha wimbi. Ukijaza mabonde kwa udongo uliolegea tu, magari yakipita siku mbili yote yanarudi.

Na hiyo "tairi zina upepo" si kipimo. Weka geji, linganisha kulia na kushoto. Upande mmoja ukiwa laini, bledi inainamia huko hata kama leva hujazigusa.

Sasa jibu haya: gia ya ngapi? Bledi umeiweka pembe gani? Na mgongo wa bledi, yaani sehemu yake ya juu, umelala mbele au nyuma?

DadaPegi
Mimi naona mnaanzia katikati. Barabara ya mita 6 ya moramu inatakiwa iwe na mgongo, mteremko wa asilimia 4 hivi kutoka katikati kwenda kila upande. Piga hesabu: mita 3 mara asilimia 4 ni sentimita 12. Katikati pawe juu ya ukingo kwa sentimita 12. Pungufu sana, maji yanalala na mashimo yanazaliwa. Kupita kiasi, magari yote yanapita katikati na kingo zinabaki mbichi. Na mgongo uwe kama paa la nyumba, pande mbili zilizonyooka. Ukiwa duara kama mgongo wa kobe, pale katikati kuna utambarare unaotunza maji.

Kijiti, una pegi (vigingi vya kupimia kimo)? Una kamba? Au unapima kwa jicho?

KijitiWima
@FundiTandemu gia ya tatu. Pembe ya bledi sijaipima, iko karibu kunyooka. Mgongo wa bledi sijui, niliikuta hivyo.
@DadaPegi pegi zipo. Swali langu lakini ni mruko.

MzeeMoramu
Vijana wanakimbilia leva kabla hawajaelewa kwa nini bledi iko tumboni na si mbele kama ya buldoza. Gurudumu moja la mbele likipanda jiwe la sentimita 10, ekseli ya mbele inacheza kama mizani, kwa hiyo katikati yake inapanda 5 tu. Bledi iko karibu nusu ya safari kati ya mbele na nyuma, kwa hiyo inapanda kama 2 na nusu. Nyuma hivyo hivyo: kila tandemu ina magurudumu mawili yanayobembea, moja likipanda 10, kati ya tandemu inapanda 5. Mashine yenyewe inasawazisha kabla hujagusa kitu. Buldoza bledi iko mbele ya minyororo, kila inachokosea mnyororo unakipanda na kukikuza.

Kwa hiyo kosa la kwanza la mwanafunzi ni kuufukuza kila mwinuko kwa leva. Anainua, amechelewa, anashusha, amechelewa tena. Anachora mawimbi yake juu ya yale ya barabara. Weka kimo, tulia, gusa kidogo, subiri uone.

Na kwa kuwa tuko hapa: kulaza magurudumu ya mbele, yaani kuyainamisha upande, si ufundi wa jana. J. D. Adams wa Marekani alilitoa greda la magurudumu yanayolala mwaka 1885, likivutwa na wanyama. Caterpillar walinunua kampuni ya Russell mwaka 1928, na 1931 wakaleta Auto Patrol, greda linalojiendesha kwa tairi za mpira, injini nyuma. Umbo lile ndilo mnalolipanda mpaka leo.

Kokoto
Mzee, kijana anazama wewe unamfundisha historia ya maji.

FundiTandemu
Gia ya tatu na bledi imenyooka! Hapo mruko lazima. Bledi iliyonyooka inabeba udongo mbele yake kama sinia, mzigo unajaa, mashine inakaza, kisu kinaruka, mzigo unamwagika, unaanza tena. Iweke pembe ya nyuzi 30 hadi 45, udongo uviringike na kutoka pembeni. Gia ya kwanza au ya pili, kutegemea mashine.

Kulala kwa bledi: juu ikilala nyuma, kisu kinauma na kukata. Juu ikilala mbele, kisu kinaparaza na kusambaza. Kukwangua mawimbi magumu ilaze nyuma kidogo, kusambaza irudishe mbele.

Halafu tuta la udongo linalotoka kwenye kisigino cha bledi (ncha yake ya nyuma) lipite nje ya magurudumu ya nyuma. Tandemu ikilipanda, nyuma ya mashine inapanda na bledi inafuata. Hilo nalo linaacha mawimbi, na wengi hawalijui kwa sababu hawaangalii nyuma.

Kagua pia ulegevu: vibao vya kuteleza vinavyoshika ringi ya bledi (duara la chuma linaloigeuza) vikiisha, na mpira wa chuma unaoshika mtaimbo wa kuvutia pale mbele ukilegea, bledi inacheza hata ukienda taratibu. Zima injini, bledi ikiwa juu ya magogo, itikise kwa mtaimbo wa mkono. Ikigonga kama kengele, sehemu ya kosa si yako.

Ila mkuu, opareta asiyejua bledi imelala wapi ana muda gani kwenye greda?

KijitiWima
Uzoefu wa mashine nzito ninao, miaka 6. Si mgeni wa mitambo.

DadaPegi
Mashine nzito ipi?

KijitiWima
Mbona maswali yanakuwa ya polisi? Nimeuliza mruko.

DadaPegi
Kaka, ushauri wa opareta wa rola na wa opareta wa ekskaveta haufanani. Mashine ipi?

KijitiWima
Buldoza. Greda nina siku ya 3. Opareta wao aliondoka, fomeni akauliza nani anaweza, nikasema mimi. Sikudanganya sana, leva ni leva. Na kesho si hii barabara tambarare tena. Kesho natakiwa kumalizia ukingo wa tuta la barabara, kimo mita 3. Nimeshakubali, siwezi kurudi nyuma. Nimeshapanga: nitakunja kiuno cha mashine (kile kiungo cha katikati), nitoe bledi nje, nitembee na gurudumu karibu na ukingo. Miteremko nimefanya na buldoza mikali kuliko hiyo.

FundiTandemu
Hilo ndilo ulitakiwa kuanza nalo.

Buldoza limelala chini kwenye minyororo mipana. Greda ni refu, limesimama juu ya tairi 6, na uzito mwingi uko nyuma kwenye tandemu. Ukingo wa tuta jipya ndio sehemu isiyoshindiliwa vizuri, kwa sababu rola nayo huogopa kufika pale. Tandemu ikikanyaga hapo, udongo unakatika bila kukupa taarifa. Ukiwa umekunja kiuno, nyuma haifuati njia ya mbele. Macho yako yanaona gurudumu la mbele liko salama, la nyuma liko mahali pengine kabisa. Kukunja kiuno kuna maana pale unapotaka magurudumu ya nyuma yabaki kwenye ardhi ngumu huku bledi ikifika mbali, yaani nyuma iende ndani. Mgeni akikosea leva moja anaipeleka nje.

Kinachofanyika: magurudumu yote yabaki kwenye sehemu iliyoshindiliwa, bledi isogezwe pembeni kwa silinda yake ifike ukingoni, udongo uvutwe kuja NDANI. Mteremko wenyewe aukate ekskaveta. Mkanda umefungwa, maana kibanda cha kuhimili mpinduko hakikusaidii ukirushwa nje yake.

KijitiWima
Nimekuelewa lakini nimeshakubali. Nitakwenda polepole.

DadaPegi
Na watu wa pegi watakuwa nyuma yako au mbele? Ukirudi nyuma na greda huoni mtu aliyeinama kwenye pegi. Honi peke yake haitoshi, awepo mtu wa ishara, na ukimpoteza machoni unasimama.

KisuButu
Samahanini, nimesoma kuanzia juu. Huu uzi ni wa kutunga. Ushahidi upo kwenye posti ya kwanza kabisa: anatolea udongo kushoto na pua inavutwa KUSHOTO. Haiwezekani. Bledi ikisukuma udongo kushoto, udongo unaisukuma mashine kulia. Pua inakimbilia kulia. Aliyekalia greda dakika kumi anajua. Huyu amekaa sebuleni anatupotezea usiku.

Kokoto
Nilishangaa na mimi, siku 3 tu na ameshapewa mita 3. Akimaliza mwezi atapewa mlima.

MzeeMoramu
KisuButu ana hoja. Mimi pia nimeirudia ile sentensi mara mbili.

KijitiWima
Wallahi sijatunga! Inavuta kushoto. Mikono inaniuma kwa kuushika usukani kwenda kulia. Kama hamtaki kusaidia semeni.

KisuButu
Piga picha ya mashine basi.

KijitiWima
Nipo nyumbani, mashine ipo saiti.

KisuButu
Nilijua.

FundiTandemu
Subirini. KisuButu uko sahihi kuhusu udongo, ila umesahau nguvu ya pili. Ndiyo maana greda lina magurudumu ya mbele yanayolala: unayalaza kuelekea upande udongo unakotokea, yaani udongo ukitoka kushoto unayalaza kushoto, yakazane na msukumo unaopeleka pua kulia. Sasa mtu akiyaacha yamelala kushoto mpaka mwisho, huku bledi yake imenyooka, msukumo wa kwenda kulia unakuwa mdogo. Kilichobaki ni magurudumu yaliyolala, na tairi iliyolala huviringika kuelekea ilikolala. Pua itavuta kushoto. Tena kwa nguvu.

Kijiti, magurudumu ya mbele yamelala upande gani?

KijitiWima
Sijayagusa. Ile leva sikujua ni ya nini, niliiacha alivyoiacha opareta wa zamani.

KisuButu
Aaah. Basi hii haitungiki. Samahani kaka.

MzeeMoramu
Siku 3 anapigana na usukani kwa ajili ya leva moja.

FundiTandemu
Kesho fika mapema kabla ya wengine, sehemu tambarare, bila mtu karibu. Angalia kwanza pini ya kufunga kiuno imetolewa na imewekwa mahali pake. Nyoosha kiuno, simamisha magurudumu ya mbele, weka ringi katikati. Shusha bledi mpaka iguse ardhi ncha zote mbili bila kuinua magurudumu ya mbele. Hapo ndipo sifuri yako. Kisha gusa leva moja moja, utazame kinachosogea, mpaka mkono ujue bila jicho.

Halafu mwaga udongo, uvute tuta lililonyooka mita 50 kwa gia ya kwanza, ukikata sentimita 2 au 3 tu. Jicho liwe kwenye ncha ya mbele ya bledi na kwenye njia, si kwenye leva. Ukipata tuta lililonyooka mara tano mfululizo, jaribu mgongo wa barabara. Mtaro unakuja baadaye: mkato wa kwanza wa alama sentimita 7 hadi 10, ncha ya bledi ikifuata ukingo wa nje wa gurudumu la mbele. Ukingo wa tuta la barabara ni wa mwisho kabisa kwenye orodha, na wewe unataka kuanza nao.

DadaPegi
Na kama moramu ni mkavu kesho, omba bauza limwage maji kwanza. Mkavu unajitenga, kokoto kubwa zinaviringika pembeni na vumbi linabaki katikati. Hata fundi hatoi uso mzuri hapo.

KijitiWima
Na fomeni nimwambie nini?

Kokoto
Mwambie umesoma uzi.

DadaPegi
Mwambie siku 3. Kama ana akili atakupa barabara tambarare na ukingo atautafutia mtu.

KijitiWima
Wakuu, asubuhi njema. Nipo saiti. Magurudumu yalikuwa yamelala kushoto mpaka mwisho. Nimeyasimamisha, nikaweka bledi pembe, gia ya kwanza. Haivuti tena. Mruko umebaki kidogo, nimepima tairi, moja ya nyuma kulia iko chini. Fomeni bado hajafika.

FundiTandemu
Jaza hiyo tairi kwanza.