Mtihani wa NCLEX: ni nini kinachoangusha wauguzi wa kwetu?

muuguzi_katuba (Lubumbashi)

Jambo wote, wakubwa kwa wadogo. Mimi ni muuguzi A1, yaani diploma ya baada ya sekondari, niko Katuba, nafanya kazi wodi ya magonjwa ya ndani. Vyeti vyangu vimeshapita kwenye tathmini ya Marekani na sasa nangoja ATT, ile barua ya ruhusa ya kufanya NCLEX, mtihani wa leseni ya uuguzi ya Marekani. Kusoma nimeanza, ila sijui kama nasoma inavyotakiwa. Nikitoka gardi ya usiku nalala kidogo, nikiamka nafungua kitabu cha dawa, naanza A hadi Z kama tulivyozoea shuleni: jina, dozi, madhara. Kwenye maswali ya mazoezi alama hazipandi, na kinachonisumbua zaidi ni kwamba zinashuka kwenye mambo ninayoyafanya kila siku kwa mikono yangu.

Naomba mliopita huko mnisaidie kwa haya. Shida ni Kiingereza au ni namna ya kusoma? Kuna mtu kwenye kundi letu la WhatsApp anauza maswali anayosema yametoka kwenye mtihani wenyewe, je, yana faida? Na hili la kompyuta kujizima kwenye swali la 85, wengine wanasema ni kufaulu, wengine wanasema ni kuanguka. Nani ana ukweli?

yaya_kampemba (Lubumbashi)

Karibu, mdogo wangu. Mimi niko hapahapa mjini, upande wa Kampemba. NCLEX niliifanyia Johannesburg, nikafaulu, na sasa niko kwenye foleni ya viza. Jumamosi tunakaa wauguzi kadhaa tunafanya maswali pamoja, kwa hiyo nitakujibu kwa yale ninayoyaona kwenye ile meza.

La kwanza kabisa: hayo maswali ya WhatsApp usiyanunue, na hata ukipewa bure usiyafungue. Kila anayefanya mtihani anakubali kwa maandishi kutotoa siri zake, na NCSBN, wenye mtihani, wanaweza kufuta matokeo ya mtu wakigundua alipokea maswali. Na hata yangekuwa ya kweli yangekusaidia nini? Kompyuta inachagua maswali kutoka kwenye hifadhi kubwa kulingana na unavyojibu. Ya mwenzako siyo yako. Pesa hiyo iweke kwenye ada: dola 200 za mtihani, na dola 150 juu yake ukiufanyia nje ya Marekani.

Swali la 85 linatisha watu bure. Tangu Aprili 2023 mtihani una maswali yasiyopungua 85 na yasiyozidi 150, kwa saa tano, mapumziko yakiwa humo humo. Ukijibu vizuri linakuja gumu zaidi, ukikosa linakuja jepesi kidogo. Kompyuta inasimama pale inapokuwa na uhakika wa asilimia 95 kwamba uko juu ya mstari wa kufaulu au uko chini yake. Kwa hiyo kusimama kwenye 85 kunaweza kuwa lolote kati ya hayo mawili, na kufika 150 vilevile. Tena 15 kati ya maswali hayo ni ya majaribio, hayahesabiwi, na huwezi kuyatambua. Usihesabu maswali ukiwa ndani. Jibu lililo mbele yako, maana kurudi nyuma hakuna.

Sasa nije kwenye hilo la kukosa mambo unayoyafanya kila siku. Hapo ndipo naona watu wetu wazuri wakianguka, na inaniuma, kwa sababu ni wauguzi hodari kweli. Hospitali ya ule mtihani si hospitali yetu. Kwetu usiku muuguzi mmoja ana wodi nzima. Garde-malade, ndugu wa mgonjwa, ndiye anayemwogesha, anamlisha, anamsindikiza choo, na ukimwandikia karatasi anakwenda famasi kununua glovu na serumu. Hospitali ya NCLEX ina RN, muuguzi aliyesajiliwa, ambaye ni wewe, ina LPN, muuguzi wa ngazi ya chini yako, na ina msaidizi wa muuguzi. Oksijeni iko ukutani. Glovu zipo. Mgonjwa aliyetajwa kwenye swali ndiye pekee uliye naye wakati huo.

Kwa hiyo wakikuuliza kazi ipi umpe msaidizi, usifikirie nani yuko karibu, kwa sababu kwetu aliye karibu ndiye anayefanya. Msaidizi anaweza kupima presha ya mgonjwa aliyetulia, kumwogesha, kuandika kiasi cha mkojo. Lakini kumchunguza mgonjwa anapofika, kumfundisha yule anayerudi nyumbani, kuamua kama dawa imefanya kazi, na mgonjwa yeyote ambaye hali yake inayumba, hayo hayatoki mikononi mwa RN. Juzi kwenye meza yetu mwenzetu mwenye miaka mingi ya upasuaji alimpa msaidizi presha ya kwanza ya mgonjwa aliyetoka chumba cha upasuaji dakika hiyo hiyo. Kwetu hata mwanafunzi wa staji anaipima. Kwao hapana, huyo bado hajatulia.

Na daktari vilevile. Sisi tumezoea kuita, halafu kusubiri agizo. Mtihani unataka kujua wewe umefanya nini kabla ya simu. Mtu anashindwa kupumua: mkalishe, mpe oksijeni, msikilize mapafu, ndipo umwite. Lakini kama swali limeshakuambia yote uliyoyaona na uliyoyafanya, basi hapo simu ndiyo jibu. Soma kwa makini swali limekufikisha wapi.

Kitabu cha dawa A hadi Z kifunge. Soma dawa kwa familia zao, na kila familia jiulize: naangalia nini kabla ya kutoa, na nini kinanifanya nisitoe? Digoksini, dawa ya moyo: unasikiliza mapigo kwenye moyo wenyewe dakika nzima, yakiwa chini ya 60 kwa mtu mzima unazuia na kutoa taarifa. Potasiamu: kawaida ni 3.5 hadi 5.0, na kamwe haisukumwi kwa sindano moja kwa moja kwenye mshipa. Hayo ndiyo yanayoulizwa.

Kiingereza nacho ni kazi, sitakudanganya. Tumesoma kwa Kifaransa, na ukiwa unageuza kila sentensi kichwani, muda unakwisha. Anza leo kusoma maelezo ya majibu kwa Kiingereza bila kugeuza. Na majina ya dawa yasikushike: parasetamoli yetu wao wanaiita acetaminophen, salbutamol ni albuterol, adrenalini ni epinephrine, glibenclamide ni glyburide, na pethidine ni meperidine. Ziandike ukutani, juu ya kitanda.

infi_goma

Yaya amesema vizuri. Mimi naongeza la kinga ya maambukizi, kwa sababu sisi wa Goma tunadhani tunalijua kuliko wote. Tulifunzwa wakati wa Ebola, ilipofika mjini kwetu Julai 2019, kuvua mavazi hatua kwa hatua, kila hatua na klorini. Kwenye mtihani utaratibu ni wa wodi ya kawaida: glovu zinatoka kwanza, kisha miwani, kisha gauni, barakoa mwisho, halafu mikono. Ukijibu kwa utaratibu wa Ebola unakosa.

Tena jua kwa moyo ugonjwa upi uko kundi lipi. Kifua kikuu, surua na tetekuwanga vinasafiri hewani: chumba maalumu, mlango umefungwa, barakoa ya N95. Kwetu mgonjwa wa kifua kikuu tunamfungulia dirisha, na ni sahihi kwa mazingira yetu, ila hilo sio jibu wanalotaka. Homa ya uti wa mgongo ya meningokoki na kifaduro ni vya matone, barakoa ya kawaida inatosha.

mzalendo_bkv (Bukavu)

Dada, kabla ya dawa na maswali, angalia majina yako. Sisi tuna jina, post-nom (jina la pili, baada ya lile la kwanza) na prénom (kama la ubatizo). Fomu za Wamarekani zina jina la kwanza na la ukoo. Mtu anaandika hivi kwenye fomu ya bodi ya uuguzi ya jimbo, vile kwenye Pearson VUE, kampuni inayosimamia mtihani, na pasipoti inasema tofauti, tena diploma ina herufi moja iliyokosewa na katibu wa shule. Siku ya mtihani wanalinganisha ATT na pasipoti. Visipofanana huingii, na pesa hazirudi. Chukua pasipoti, andika kila mahali kama ilivyoandikwa humo.

Wenye A2 wanaosoma hapa nao wajue kwamba ile ni diploma ya ngazi ya sekondari, na tathmini ya RN inataka mafunzo ya uuguzi yaliyofanywa baada ya sekondari. Ulizeni kwanza kabla ya kulipa chochote. Na kwa anayeelekea Kanada, NCLEX-RN huko inapatikana pia kwa Kifaransa.

muuguzi_katuba

Aksanti sana, yaya, na ninyi wote. Majina nimeangalia sasa hivi, post-nom kwenye faili ya bodi iko mahali pake. Yaya, naomba kimoja tena: maswali ya "umwone nani kwanza" yananishinda. Wote wanne naona wanahitaji msaada.

yaya_kampemba

Wote wanahitaji, ndiyo maana wamewekwa pamoja. Fanya hili. Mzee mwenye ugonjwa sugu wa mapafu, oksijeni ya damu asilimia 90. Mama wa kisukari, sukari 210, anangoja insulini yake ya kabla ya chakula. Kijana aliyevunjika paja jana kwa ajali ya pikipiki, sasa anahema haraka na ameanza kuongea mambo yasiyoeleweka. Bibi aliyepasuliwa tumbo jana, analia, maumivu ni 7 kwa 10.

Kwenye meza yetu wengi wanakimbilia mzee kwa sababu ya ile 90. Kwa ugonjwa wake namba hiyo ni ya kila siku, tena lengo lake mara nyingi ni kati ya 88 na 92. Wengine wanamkimbilia bibi, kwa kuwa wodini anayelia ndiye tunayemsikia. Jibu ni kijana. Mfupa mrefu umevunjika, na ndani ya siku moja hadi tatu mafuta ya mfupa yanaweza kuingia kwenye damu, yakafika mapafuni na kwenye ubongo. Jana alikuwa na akili timamu, leo hana. Hayo ni mabadiliko mapya, hayakutarajiwa, na yanaua haraka. Mzee hajabadilika, sukari ya mama inangoja dakika chache, na maumivu ya bibi siku ya pili ya upasuaji tuliyatarajia, tutayatuliza tukitoka kwa kijana.

Kila swali la aina hiyo lipitishe hapo: nani amebadilika, na nani hangoji.

Maswali ya "chagua zote" yana mtego wake pia. Siku hizi wanatoa sehemu ya alama, lakini kila chaguo baya linakula alama moja uliyopata kwa zuri. Usiweke tiki kwa kubahatisha. Kila mstari uulize peke yake: hii ni kweli kwa mgonjwa huyu, ndiyo au hapana?

Kuhusu gardi, ukitoka usiku usifanye maswali mengi. Fanya machache, lakini kila moja soma maelezo yake yote, hata ulilopata, mpaka uweze kumweleza mtu kwa nini yale mengine matatu si sahihi. SNEL, shirika letu la umeme, ikikata, yawe umeyapakua kwenye simu.

Na ATT ikija, angalia tarehe yake ya mwisho kabla ya kukata tiketi. Haiongezwi. Ikipita unajiandikisha upya na kulipa upya. Viza ya Afrika Kusini inaweza kuchukua muda wake, kwa hiyo ulizia mapema mahitaji yake. Jumamosi tupo kuanzia saa nane mchana, niandikie faragha nikuelekeze nyumba.