Baba anataka kuweka mafao yote kwenye programu ya "uwekezaji". Nimzuie vipi bila kumvunjia heshima?

Mwana wa Mwalimu:
Habari za jioni wakuu. Naomba ushauri, hasa kwa waliopitia.

Mzee wangu ni mwalimu mstaafu wa hisabati, na mafao yake yametoka hivi karibuni. Ni mtu wa hesabu kali, hata nauli ya daladala huandika kwenye daftari lililopigwa mistari kwa rula. Sasa jirani kamwingiza kwenye programu ya simu inayodai kulipa asilimia 3 kwa siku. Aliweka laki tatu, akajaribu kutoa elfu arobaini, ikaingia kweli. Siku hiyo alinunua nyama, akatuita wote, akatuonyesha ujumbe wa muamala mmoja mmoja. Sasa anataka kuweka zote.

Nikisema ni utapeli ananiuliza, "Hela niliyoishika mkononi nayo ni ya utapeli?" Mama amenyamaza, dada yangu ameshajiunga. Mtu mwenye akili hivi anaingiaje?

Mkongwe:
Pole kijana. Akili haimkingi mtu na hili. Isaac Newton, aliyekokotoa mwendo wa sayari, mwaka 1720 alikuwa na hisa za kampuni ya South Sea kule London. Aliuza mapema akapata faida nzuri. Bei ikazidi kupanda, wenzake wakazidi kutajirika mbele ya macho yake, akarudi kununua kwa bei ya juu. Hisa zikaporomoka, akapoteza fedha nyingi. Umaskini wa wote tunauvumilia, ila jirani akianza kushusha matofali, usingizi unaisha.

Binti Mtaani:
Hiyo elfu arobaini ndiyo chambo. Charles Ponzi, Boston mwaka 1920, aliahidi faida ya asilimia 50 kwa siku 45, na wa mwanzo aliwalipa kweli, kwa fedha za waliokuja nyuma yao. Wengi hata hawakuondoka na faida, waliirudisha palepale. Hapa kwetu Tanzania, kwenye upatu wa DECI, kabla serikali haijaifunga mwaka 2009, watu "walipanda mbegu" na "kuvuna". Aliyevuna akisimulia nyumba kwa nyumba, nani atambishia? Na anasema kweli kabisa.

Mpambanaji:
Mnakatisha watu tamaa. Mimi natoa kila wiki. Benki inakupa nini?

Binti Mtaani:
Mpambanaji, leo jaribu kutoa zote, faida pamoja na mtaji. Wakikwambia ulipe kwanza "kodi" ndipo utoe, usiwatumie hata shilingi.

Mama Wawili:
Mdogo wangu, mimi nina swali. Tangu baba astaafu, nani humpigia simu kumwomba ushauri?

Baba yetu naye aliliwa. Tulipokuja kuona simu yake, kwenye grupu walikuwa wanamwita Mwalimu, wanamwamkia kila asubuhi, wanamwomba awaeleweshe wageni. Nyumbani sisi tulikuwa tunamwambia "mzee, pumzika". Fedha zilipokwama hakutuambia. Alikopa akaongeza, akitumaini kuzikomboa kabla hatujajua. Tamaa ilimwingiza, lakini aibu ndiyo iliyommaliza.

Kwa hiyo usibishane naye mbele ya watoto wala wajukuu. Ukimfanya aonekane mjinga, ataweka zote ili akuonyeshe kuwa siye. Mwendee peke yako, umpelekee hesabu kama mwanafunzi: "Baba, milioni 1 ikizaa asilimia 3 kila siku, na faida isitolewe, baada ya siku 365 inakuwa ngapi?" Mwachie kikokotoo. Atapata zaidi ya bilioni 48. Kaa kimya, mwache aitazame mwenyewe.

Kisha mpe kazi ya kweli. Mwombe aulize Benki Kuu na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana kama hao watu wana leseni. Akimaliza hapo, asome habari za hatifungani za serikali, yaani kuikopesha serikali kwa riba, na mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya UTT, awashauri nyote pa kuweka akiba. Na mkifika kumuuliza, mmuulize kwa dhati.

Mkongwe:
Naunga mkono. Tafuta pia mwalimu mwenzake wa rika lake aje kumtembelea. Kuna maneno mzee hayapokei kwa mtoto aliyemzaa. Ila kijana, dada yako anapata kamisheni kwa kila anayemwingiza?

Mwana wa Mwalimu:
Asanteni sana, na dada Mama Wawili, Mungu akubariki. Swali lako limenigusa, maana kweli hakuna anayempigia.

Mkongwe, baba kaingia kwa namba ya mwaliko ya jirani, lakini dada naye ana watu chini yake, ndiyo maana anatetea. Kesho nitaanza na yeye. Nitamwomba atoe mtaji wake wote, baba akiwa amekaa pale anaangalia.