Mrejesho: sidiria imepatikana, gauni bado
Dada zangu, niliwauliza mwembamba mwenye kifua na nyonga kama mimi avae nini, maana sidiria za 36B (namba ni mkanda, herufi ni kikombe) zilinipanda mgongoni na suruali ziliachia kiunoni.

Nimejipima kwa futi ya fundi chini ya matiti: inchi 30. Kumbe mkanda wa 36 ulikuwa mkubwa mno kwangu! Jumamosi asubuhi nikachambua mitumba soko la Mwanjelwa, hapa Mbeya, hadi vidole vikafa ganzi kwa baridi, nikapata 32D mbili. Kikombe ujazo ule ule wa 36B, mkanda ndio mfupi. Naifunga kulabu ya nje kabisa. Mpira ukilegea nitasogea ndani.

Suruali nachukua inayoenea nyonga, fundi anabana kiuno. Gauni la kitenge? Wiki ya tatu sasa, "njoo kesho dada".