Naomba ushauri: folda za picha hazishiki mpangilio ninaouweka

Assalaam alaikum ndugu zangu. Nipo Wete, Pemba, kazi yangu ni kupiga picha za harusi. Kompyuta yangu ni ya mezani, Windows 10, na kila harusi ina folda yake, zimeshapita 300.

Nataka zote zifunguke kwa orodha yenye tarehe na ukubwa wa faili, mpya ikae juu. Nilipanga folda moja, nikaingia kwenye mipangilio nikabonyeza itumike kwa folda zote. Za risiti na barua zikatii. Za picha, wapi! Bado zinakuja na vijipicha vikubwa, ule mstari wa kijani unatambaa pale juu, na bi harusi kakaa kitini anangoja nimuoneshe picha zake. Inaniuma, maana wengine wanatoka Konde.

Nimekuja kuona kwamba Windows inagawa folda kwa aina: picha, muziki, video, nyaraka na za kawaida, na mpangilio unashika aina ile ile tu. Je, nikiigeuza folda kuu iwe ya kawaida na kuweka tiki ishuke hadi za ndani, itatosha? Na folda mpya ya kesho itafuata, au itarudi kule kule? Aliyewahi kufanya anielekeze, tafadhali.