Kupanga nyumba Wuhan kati ya majirani Wachina: lipi la kuvumilia na lipi si la kuvumilia?

Mpangaji_Wuhan:
Ndugu zangu, nawasalimu. Mimi ni Mtanzania, nasomea shahada ya uzamivu hapa Wuhan. Nilipokuwa peke yangu nilikaa bweni la wanafunzi wa kigeni, na karibu kila jambo langu lilipitia ofisi ya chuo. Mke wangu na binti yetu wa miaka mitano walipokuja, chuo kiliniruhusu kupanga nje, nasi tukapata nyumba ya vyumba viwili kwenye ghorofa ya 11, ndani ya makazi yenye uzio, geti na walinzi, ambamo hadi sasa sijaona mgeni mwingine.

Majirani si watu wabaya, lakini yapo mambo yanayotusumbua na ningependa kuwasikia waliotangulia. Kila tukishuka na mtoto, kuna watakaomshika nywele zake zilizosukwa, na vijana humpiga picha bila kuomba. Mke wangu hukemewa kwenye lifti na wazee asiowajua kwamba mtoto amevaa nguo chache. Juzi bibi mmoja aliingiza vidole kwenye mkono wa sweta ya mtoto, akahesabu nguo zilizo ndani, kisha akatikisa kichwa. Mlinzi wa geti haniruhusu kupanda na betri ya pikipiki yangu ya umeme ili niichaji ndani. Jirani wa ghorofa ya chini yetu amelalamika kwenye kundi la jengo la WeChat (programu ya simu ya kutumiana ujumbe) kwamba tunaongea kwa sauti usiku. Zaidi ya yote, mwenye nyumba anakwepa kwenda nami polisi kuandikisha anwani mpya, akidai kwamba ile ya chuo inatosha. Lipi nivumilie, na lipi nisivumilie?

BintiMtwara (Guangzhou):
Kaka, anza na hilo la mwisho, kwa sababu hayo mengine yanazungumzika lakini hilo ni sheria. Sheria ya kuingia na kutoka nchini, inayotumika tangu tarehe 1 Julai 2013, inamtaka mgeni asiyelala hotelini aandikishwe kwenye kituo cha polisi cha eneo analoishi ndani ya saa 24 tangu ahamie, ama aende mwenyewe au aandikishwe na aliyempokea. Asiyefanya hivyo anaweza kupewa onyo pamoja na faini isiyozidi yuani 2,000. Anwani ya bweni usilolala tena haikufai kitu, na karatasi hiyo ya polisi ndiyo mtakayoulizwa siku ya kuongeza muda wa vibali vya kuishi vya mama na mtoto.

Wenye nyumba wengi wanaokwepa hawana ubaya na mpangaji. Wanachoogopa ni kwamba pango likishajulikana serikalini, kodi ya serikali nayo itafuata. Usibishane naye juu ya kodi. Mwombe nakala ya kitambulisho chake na ya hati ya nyumba, chukua pasipoti zenu tatu na mkataba, uende mwenyewe. Kituo kikimtaka yeye, waombe wampigie wao. Simu ya askari hupokewa upesi kuliko ya mpangaji.

Sasa wazee wa kwenye lifti. Nimelea watoto wawili huku, na nakuambia kwamba hao ndio watu muhimu kuliko wote katika makazi yenu, pengine kuliko hata ofisi inayosimamia majengo. Wazazi wengi hushinda kazini, kwa hiyo watoto hulelewa na bibi na babu, na pale chini kwenye mabenchi ndipo penye baraza lao. Mtoto yeyote anayepita hapo ni wao. Tena jua kwamba mfumo wa serikali wa kupasha nyumba joto kwa mabomba umewekwa kwa ajili ya miji iliyo kaskazini mwa mto Huai na milima ya Qinling, na Wuhan iko kusini mwa mstari huo. Ndiyo maana wakati wa baridi sebuleni kwenu panaweza kuwa kama nje, na watu hukaa ndani na makoti. Aliyehesabu nguo za mtoto alisema lile ambalo angemwambia mkwewe mwenyewe.

Mfundishe binti yako aamkie kwanza: bibi amwite "nainai", babu amwite "yeye", ndivyo Wachina wanavyowaita, kama ambavyo nyumbani hatumpiti mzee kimya. Wakishamzoea kwa jina, wao wenyewe ndio watakaowafukuza wapiga picha. Na mkienda likizo, rudini na korosho.

Mkenya_Nanjing:
Bwana Mpangaji, mlinzi huyo usimlaumu hata kidogo. Tarehe 23 Februari 2024, hapa Nanjing, jengo la makazi liliwaka moto alfajiri na watu 15 wakafariki. Zima moto walieleza kwamba moto ulianzia ghorofa ya chini kabisa, mahali palipoegeshwa pikipiki za umeme. Tangu hapo hakuna mzaha. Yapo majengo ambayo lifti zake zina kamera inayoitambua pikipiki, na ukiingia nayo mlango unakataa kufunga hadi utoke. Chaji yako ifanye kwenye vibanda vya chini, ambavyo unalipia kwa kuskani kwa simu. Kumhonga mlinzi sigara ili afumbe macho, kama nilivyowahi kusikia mtu akishauri, ni kuwaweka rehani watoto wa watu.

Kuhusu kelele, nadhani najua zinakotoka. Tumetangulia Afrika Mashariki kwa saa tano, hivyo huku ikifika saa nne usiku, nyumbani ni saa kumi na moja jioni, watu wanatoka kazini na ndipo simu zinapoanza. Sheria ya uchafuzi wa kelele iliyoanza kutumika tarehe 5 Juni 2022 inahesabu usiku kuwa ni kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Simu ya spika iliyowekwa mezani, huku kila mmoja akitaka kumsalimu shangazi, inasikika ghorofa mbili chini. Tumieni vipokea sauti vya masikioni, au hamishieni simu hizo Jumamosi mchana wenu, ambapo nyumbani ni asubuhi. Sheria hiyo hiyo inakuruhusu wewe pia kulalamikia spika za kina mama wanaocheza dansi uwanjani jioni, ingawa sikushauri uanze na hao.

Kwenye kundi la jengo usikae kimya. Bonyeza ujumbe kwa muda, WeChat itakutafsiria. Kisha andika mstari mmoja wa kuomba radhi na mmoja wa kueleza utakachofanya. Humo ndimo yanamotangazwa maji kukatwa na ukaguzi wa gesi, kwa hiyo ni vizuri wakujue kama mtu anayejibu.

Mama_wa_Hangzhou:
Namheshimu dada BintiMtwara, lakini kwenye picha sikubaliani naye kwamba tuwasubiri wazee watutetee. Mtoto wa miaka mitano huchoka kutazamwa, na asiposikia mzazi wake akikataa, atadhani hana haki ya kukataa. Kanuni ya sheria za kiraia ya China, inayotumika tangu tarehe 1 Januari 2021, hairuhusu kupiga wala kusambaza picha ya mtu bila ridhaa yake. Huna haja ya kumsomea mtu vifungu. Weka kiganja mbele ya simu, tabasamu, sema "bu yao pai" (usipige picha), mwendelee na safari. Nywele nazo ni hivyo hivyo: mkono uzuie kabla haujafika. Sijaona jirani aliyekasirika, ila wapita njia wasiotujua ndio huguna.

Mpangaji_Wuhan:
Nawashukuru sana. Mwenye nyumba ametoa nakala zote mbili baada ya kumweleza kwamba faini itakuwa yangu na maswali yatakuwa yake. Mama_wa_Hangzhou, mke wangu anakuunga mkono kwa asilimia mia. Ana swali moja: bibi wa ghorofa ya 9 amemletea mtoto suruali ya pamba aliyoishona mwenyewe. Tumrudishie nini?

BintiMtwara (Guangzhou):
Msinunue kitu cha dukani cha bei kubwa, maana atajiona ana deni nanyi naye atanunua kikubwa zaidi, na hamtamaliza. Pika chapati za maji au maandazi, mke wako ampelekee pamoja na mtoto akiwa ameivaa hiyo suruali. Akiwakaribisha ndani, mvue viatu mlangoni, na msiondoke kabla ya kunywa alichowamiminia, hata kama ni maji ya moto matupu.